Li Qingzhao: mshairi wa China aliyemshitaki mumewe huku akijua na yeye ataingia jela

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila tukifungua mada ya washairi wa kale wa China humu ndani, ubishi ni ule ule: Li Bai na Du Fu, nani zaidi. Kurasa zinaisha hajatajwa mwanamke hata mmoja. Leo namleta Li Qingzhao. Ni wa enzi ya Song, amezaliwa 1084, miaka mia tatu na zaidi baada ya hao mabwana wawili. Mwombe Mchina yeyote aliyekaa darasani akutajie mshairi wa kike, utasikia jina hili kabla ya mengine yote.

Kwenye makala fupi fupi utaambiwa huyu ni mjane wa machozi. Mume kafa, nchi imevamiwa, mama wa watu kakaa dirishani anasikiliza mvua. Shairi hilo lipo kweli na nitalifikia. Ila ukisoma maandishi yake yote yaliyobaki, nathari kwa ushairi, unakutana na mtu mwingine kabisa. Huyu alikuwa mshindani. Hapendi kushindwa na hafichi hilo.

Baba yake, Li Gefei, alikuwa msomi na mtumishi wa serikali, mtu wa karibu na Su Shi, mshairi mkubwa wa wakati ule, na kwao ni Zhangqiu, jirani na Jinan, Shandong. Mwaka 1101 akaolewa na Zhao Mingcheng, mwanafunzi wa Chuo cha Kifalme pale Kaifeng, mji mkuu. Kwa hesabu ya Kichina bibi harusi ana miaka 18, bwana 21. Siasa ikaingia ndani ya nyumba mapema mno. Baba mkwe alikuwa kambi ya wanamageuzi, baba mzazi kambi iliyowapinga. Mwaka 1102 wanamageuzi wakashika mpini na Li Gefei akawekwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku. Bi harusi wa mwaka mmoja akamwandikia baba mkwe wake mashairi. Mstari mmoja uliosalia unasema mkono ukiukaribia unaungua, lakini moyo ni wa baridi. Mwambie mkwe wako hivyo uone.

Pamoja na hayo, ndoa ilikuwa tamu. Tunajua kwa sababu ameisimulia mwenyewe, kwenye neno la mwisho aliloandika nyuma ya kitabu cha mumewe. Zhao alikuwa mgonjwa wa vitu vya kale: vyombo vya shaba vyenye maandishi, na zile nakala zinazopatikana kwa kubandika karatasi juu ya jiwe la kumbukumbu na kulipiga wino mpaka herufi zitokee. Tarehe mosi na tarehe 15 ya kila mwezi alikuwa akipata ruhusa chuoni. Anaweka nguo rehani, anapata sarafu 500, anakwenda soko la hekalu la Xiangguo, ananunua matunda na nakala kadhaa, anarudi nyumbani. Wanakaa wanatazamana, wanatafuna matunda na kuzisoma. Wazazi pande zote mbili ni wakubwa serikalini, na kijana anaweka nguo rehani!

Siku moja akatokea mtu na mchoro wa maua ya peoni wa Xu Xi, mchoraji mashuhuri wa zamani. Bei, sarafu 200,000. Wakaulaza nyumbani siku mbili, wakatafuta hela kila pembe, wakakosa, wakaurudisha. Anasema walikaa siku kadhaa wakitazamana kwa majuto.

Baba mkwe alipofariki 1107 familia ikaanguka kisiasa, wakahamia Qingzhou, wakakaa miaka kama kumi. Huko ndiko kwenye mchezo wa chai. Baada ya kula wanachemsha chai, kisha mmoja anataja jambo: lipo kitabu gani, juzuu gani, ukurasa gani, mstari wa ngapi? Anayepatia ndiye anayekunywa kwanza. Bibie anatuambia bila aibu kwamba kumbukumbu yake ni kali. Alikuwa akipatia, anainua kikombe, anaangua kicheko mpaka chai inammwagikia mapajani, na anainuka hajanywa hata tone.

Hayo ameyaandika akiwa na miaka hamsini na ushee, mume hayupo, vitabu vyenyewe vimekuwa majivu. Naendelea jioni.

#2

Naweka kambi hapa. Mkuu usitukimbie tu kama wale wa "itaendelea".

#3

Uzi mzuri, ila hebu tueleze kwanza ushairi wenyewe. Una vina na mizani kama wetu? Ni mashairi au ni nyimbo?

#4 (mleta uzi)

Swali la msingi hilo, ndugu yangu.

Aliandika aina mbili. Ya kwanza inaitwa *shi*, shairi la heshima, la mambo ya nchi na falsafa, ambalo mtu angeweza kulisoma mbele ya wakubwa. Ya pili ni *ci*, na hii ndiyo iliyompa jina. *Ci* ni maneno yanayowekwa ndani ya tuni iliyokwishakuwepo. Hutungi tuni, unaichagua. Kila tuni ina jina lake, na jina la shairi ni jina la tuni, hata kama halihusiani na kinachosemwa. Tuni ndiyo inayokuamulia mistari mingapi, kila mstari silabi ngapi, kina kikae wapi, na silabi ipi iwe ya sauti gani, maana Kichina ni lugha ya toni. Kwa hiyo ndiyo, mizani ipo na vina vipo, na juu yake kuna sharti la toni ambalo sisi hatuna. Zilianza kuimbwa na wanawake wa kumbi za starehe, ndiyo maana watu wazito walizidharau mchana na kuzitunga usiku. Muziki wenyewe karibu wote umepotea.

Mfano wa karibu. Tuni inaitwa *Ru meng ling*, silabi 33 basi. Jana usiku mvua ya hapa na pale na upepo mkali. Kalala fofofo, pombe bado haijatoka kichwani. Asubuhi anamwuliza anayekunja pazia: maua ya bustanini vipi? Anajibiwa, yapo vile vile. Naye anamrukia: unajua wewe? Unajua? Kijani ndicho kimenenepa, chekundu kimekonda.

Kazi imeisha hapo. Majani yamenyonya maji, maua yamepukutika, na ameyajua bila kuinuka kitandani, kuliko yule aliyekuwa anayatazama kwa macho yake. Wasomi wanasifia kunenepa na kukonda, ambako kumesemwa kwa maneno ya sokoni kabisa. Mimi nasifia ule ubishi. Hata saa hiyo, na uchovu wa pombe, lazima awe sahihi yeye.

#5

Hahaa, huyu ni shemeji yangu kabisa.

Mkuu, naelewa kama mtunzi wa taarabu anayepewa wimbo tayari na ala zake, kazi yake ni kutia maneno yasiyoukwaruza. Nipo sawa?

#6 (mleta uzi)

Upo sawa kabisa. Na hilo la kutoukwaruza ndilo aliloligombania.

Ana andiko fupi la uhakiki kuhusu *ci*. Ndani yake anapanga foleni mabingwa wote na kuwachapa mmoja mmoja. Liu Yong: muziki unakaa, lakini maneno yako chini ya mavumbi. Ouyang Xiu na Su Shi: elimu yao ni bahari, wimbo kwao ni kuchota maji kwa kibuyu, lakini walichoandika ni *shi* zilizokatwa mistari mirefu na mifupi, na mara nyingi haziimbiki. Wang Anshi, aliyewahi kuwa waziri mkuu, anaambiwa kwamba akijaribu kutunga kawimbo watu wataanguka kwa kucheka. Qin Guan ana hisia lakini hana hazina ya visa vya kale, kama binti mrembo wa nyumba maskini. Hoja yake ni kwamba *ci* ni nyumba ya peke yake, ina sheria zake, na wachache sana wanazijua.

Sasa kumbuka Su Shi ndiye aliyekuwa mwalimu na mlezi wa baba yake. Baadaye wanaume walikasirika, mmoja akamwita mdudu chungu anayetaka kuutikisa mti mkubwa.

Turudi kwenye maisha, maana mambo yanaharibika.

Mwaka 1126 Wajurchen wa dola ya Jin wakaizingira Kaifeng. Januari 1127 mji ukaanguka, na mfalme Qinzong pamoja na baba yake, Huizong, wakachukuliwa mateka kwenda kaskazini. Zhao alikuwa mkuu wa eneo huko Shandong. Li anasema habari zilipofika walitazama yale makasha yaliyojaa nyumba nzima, na wakajua kwamba hayatakuwa yao tena.

Masika ya 1127 mama mkwe alifariki Nanjing, ikabidi Zhao aende kusini kumzika. Hapa anaandika kama karani wa bohari. Kwanza tuliacha vitabu vikubwa vizito. Kisha michoro yenye vipande vingi. Kisha vyombo visivyo na maandishi. Kisha vitabu vya chapa ya serikali, maana vinapatikana kwingine. Kisha michoro ya kawaida. Kisha vyombo vizito mno. Pamoja na kupunguza kote huko zikabaki gari 15. Qingzhou vikafungiwa vyumba zaidi ya kumi, vije na meli mwaka unaofuata. Desemba mji ukatekwa, vyumba vyote vikawa majivu.

Zhao akapewa kuongoza mji wa Nanjing (enzi hizo Jiangning). Mwaka 1129 askari wakaasi usiku. Mkuu wa mji akafanya nini? Akashuka ukutani kwa kamba, akakimbia. Akafukuzwa kazi.

Kuna shairi la Li la mistari minne linalojulikana na kila mtoto wa shule China: ukiwa hai uwe shujaa kati ya watu, ukifa uwe shujaa kati ya mizimu, mpaka leo namkumbuka Xiang Yu, aliyekataa kuvuka mto kurudi kwao. Xiang Yu ni jemadari wa kale aliyeshindwa vita, akapewa mashua ya kuokoka, akakataa. Shairi linaisomea dola iliyokuwa inakimbilia kusini. Wengine wanasema linamsomea na bwana mwenyewe. Mimi sina ushahidi wa hilo la pili, lakini ningekuwa Zhao ningekula kimya kimya siku hiyo.

#7

Kwa hiyo aliishi na mume mwoga akamlilia maisha yote?

#8 (mleta uzi)

Subiri kwanza mkuu, soma hili.

Kiangazi cha mwaka huo huo, 1129, Zhao akaitwa tena kazini. Li yuko kwenye mashua, mume yuko ufukoni, kavaa nguo za katani, kilemba kakisukuma nyuma, roho kama ya chui milia, macho yanawaka. Li moyo unamwenda mbio. Anapaza sauti: mji ukivamiwa nifanye nini? Zhao ananyoosha vidole viwili na kujibu kwa mbali: fuata watu. Ikibidi, tupa mizigo kwanza, kisha nguo, kisha vitabu na michoro, kisha vyombo vya kale. Ila vile vyombo vya ibada, vibebe mwenyewe, uishi navyo au ufe navyo. Usisahau! Akapiga farasi akaondoka.

Hakuna "jitunze mke wangu". Na Li hakuongeza hata sentensi moja ya kulalamika. Ameiweka vile ilivyokuwa, sisi wenyewe tuone. Kwangu mimi hiyo ni sehemu kali kuliko mashairi yake mengi.

Zhao alikwenda mbio juani, akashikwa na malaria. Barua ilipomfikia Li akasafiri kwa mashua zaidi ya kilomita 150 kwa mchana mmoja na usiku wake, akakuta mgonjwa kanywa dawa za kupoza mwili kupita kiasi, malaria imeongezewa na kuhara damu. Akafa mwezi wa nane kwa kalenda yao, 1129, kaacha shairi na hakuacha wosia.

Vilibaki vitabu juzuu 20,000 na nakala za mawe 2,000. Akavitanguliza Hongzhou kwa ndugu wa mume. Wajurchen wakauteka na huo. Vilivyobaki akavibeba mwenyewe akiifuata serikali iliyokuwa inakimbia mwambao mzima, Taizhou, Wenzhou, Shaoxing. Hapo Shaoxing alipanga kwa watu, akaweka makasha machache chini ya kitanda. Usiku mwizi akatoboa ukuta akachukua matano. Akatangaza zawadi. Siku mbili baadaye jirani akaja na michoro 18 akidai zawadi yake. Akaandika: hapo nikajua mwizi hakuwa mbali.

#9

Na kesi? Kichwa cha uzi kimenileta kwa ajili ya kesi.

#10 (mleta uzi)

Haya. 1132, Hangzhou. Ana miaka 49 kwa hesabu yao, mgonjwa, na mtu wa karibu ni mdogo wake wa kiume. Anatokea afisa mdogo anaitwa Zhang Ruzhou na makaratasi ya serikali mkononi. Ndugu anaamini, ndoa inafungwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, jamaa alianza kumpiga kila siku. Wengi wanaona alichokuwa anakitaka ni mali ya Zhao.

Kumwacha mume kwa sheria ya wakati ule ilikuwa ngumu kwa mwanamke. Akatafuta mlango wa pembeni. Akagundua kwamba Zhang alidanganya serikali: aliongeza idadi ya mara alizokalia mtihani ili apate cheo. Akamshitaki kwa hilo. Sasa sheria hiyo hiyo ilisema mke anayemshitaki mumewe anafungwa miaka miwili, hata kama shitaka ni la kweli. Akaenda hivyo hivyo. Zhang akapatikana na hatia, akavuliwa cheo na kupelekwa uhamishoni Liuzhou. Ndoa ilikuwa imedumu siku kama mia. Li akawekwa ndani siku tisa, kisha akatolewa kwa msaada wa Qi Chongli, mkubwa serikalini aliyekuwa na udugu na familia ya Zhao.

Barua yake ya shukrani ipo. Anasema: kwenye jioni ya maisha yangu nikaunganishwa na dalali wa mnadani.

#11

Mleta uzi, hapo naomba nitofautiane. Nimesoma sehemu kwamba hakuolewa mara ya pili, kwamba barua hiyo ni ya kughushi na ni maadui zake walimzushia.

#12 (mleta uzi)

Ulichosoma kipo, ila tazama kilipotoka. Waandishi wa Song, watu wa zama zake, wanataja ndoa ya pili kama jambo linalojulikana. Wang Zhuo, aliyeandika Li akiwa bado hai, analitaja, na kwenye ukurasa ule ule anasema kwa kipaji ndiye wa kwanza kati ya wanawake wa enzi yake, na kwamba hajapata kuona mwanamke wa nyumba ya heshima anayeandika bila haya namna hiyo. Kukanusha kulianza karne nyingi baadaye, enzi za Ming na Qing, wakati mjane kuolewa tena ilikuwa fedheha kubwa. Wasomi walimpenda, wakataka awe mke wa mume mmoja, basi wakamsafisha. Leo wasomi wengi wamerudi kwenye barua.

Lakini kusafishwa huku kuna gharama ambayo bado tunailipa. Akishakuwa mjane mwaminifu, kila shairi lazima liwe kilio cha Zhao. Chukua *Sheng sheng man*, lile la mvua. Linaanza kwa silabi saba zilizorudiwa, 14 kwa pamoja: kutafuta kutafuta, baridi baridi, kimya kimya, na linaendelea kushuka hivyo. Vikombe viwili vitatu vya pombe nyepesi havizuii upepo wa usiku. Bata bukini wanapita, ni wale aliojuana nao zamani. Mvua juu ya majani ya mti mpaka giza, tone kwa tone. Halafu anauliza: haya yote, neno moja la "huzuni" litayamaliza? Vitabu vinakwambia ni ujane. Inawezekana. Ila hatujui aliandika lini, na shairi halitaji mume. *Ci* ni wimbo, na mtunzi wa wimbo anaweza kuvaa sauti yoyote. Wanaume wa Song walitunga kwa sauti ya mwanamke aliyeachwa na hakuna aliyewauliza mume yuko wapi. Kilicho wazi ni ufundi. Mtu anayeanza na marudio saba na bado wimbo unaimbika, huyo anajua anachofanya, na anajua Su Shi hakukifanya.

#13

Mimi nakubaliana na #11 kwa kiasi. Mtu amepoteza mume, mji, vitabu, halafu unasema analia kwa sauti ya kuigiza? Huzuni si aibu, mkuu.

#14 (mleta uzi)

Dada/kaka, sisemi hakuhuzunika. Yupo kwenye *Wuling chun*, akiwa Jinhua alikokimbilia 1134: wanasema masika ni mazuri pale Shuangxi, nami nataka kwenda kupanda mashua, lakini naogopa vimashua vile vidogo havitaubeba mzigo huu wa huzuni. Hilo siligusi, limetosha.

Ila mji ule ule wa Jinhua, mwaka huo huo wa 1134, kaandika pia kitabu cha mchezo! Mchezo wa kete na ubao unaoitwa kupiga farasi, na sheria zake, na utangulizi. Anasema: napenda kamari ya kila aina, nikianza nasahau kula na kulala. Na maisha yangu yote, kidogo au kingi, sijawahi kutoka bila kushinda. Kwa nini? Ustadi tu. Anaandika hayo akiwa ametoka kukimbia vita mara nyingine. Kamwachia nani sehemu ya mjane?

#15

Alikuwa na watoto? Na alikufa lini?

#16 (mleta uzi)

Hakuna mtoto anayetajwa popote. Kifo kinakadiriwa miaka ya 1150, wengi wanaandika 1155. Uzeeni alitaka kumfundisha binti wa miaka kumi na kitu wa familia ya Sun, kwa kuwa alimwona ana kichwa. Mtoto akakataa: ushairi si kazi ya wanawake. Hilo limeandikwa kwenye maandishi ya kaburi la huyo huyo binti, alipokuwa mama mtu mzima, kama sifa. Mwandishi ni Lu You, mshairi mkubwa wa kizazi kilichofuata.

Diwani yake ilipotea. Mkusanyo wa mwaka 1146 una *ci* zake 23, na hizo ndizo za kuaminika zaidi. Kila karne ikaongeza nyingine kwa jina lake, kwa hiyo ukikuta anaambiwa ana hamsini au zaidi, ujue humo mna za watu.

#17

Picha yake ipo?

#18 (mleta uzi)

Unazoziona mtandaoni zimechorwa muda mrefu baada yake, kila mchoraji na mwanamke wake mwembamba. Jinan wana jumba la kumbukumbu kwenye bustani ya chemchemi ya Baotu, na sanamu. Na kwenye sayari ya Zebaki kuna kasoko lenye jina lake.

Kesho nikipata nafasi nitaweka *Ru meng ling* ya pili, ile ya kupotea na mashua kwenye mayungiyungi akiwa amelewa. Wenye tafsiri zao wazilete.